Somo Lisilo na Kipindi

Mwalimu wa taaluma anapobandika ratiba mpya ukutani mwanzoni mwa muhula, walimu husogea na kalamu mkononi, kila mmoja akitafuta vipindi vyake. Wa Hisabati analalamika amezidishiwa. Wa Historia amepangiwa Ijumaa mchana, saa ambayo darasa zima linapiga miayo. Wa Kemia anauliza ni lini atapata maabara. Pembeni yao anaweza kuwepo kijana ambaye cheti chake cha shahada kimeandikwa Saikolojia, na yeye peke yake halitafuti somo lake kwenye karatasi ile. Anajua halimo. Anatafuta Kiswahili, au Biolojia, au somo lolote lililomwingiza shuleni.

Vijana wanaomaliza saikolojia vyuoni wana swali moja: nimelipenda somo hili, nina moyo wa kufundisha, nianzie wapi niwafundishe wanafunzi wa sekondari? Jibu wanalopewa ni fupi: hapa kwetu nafasi hiyo haipo, katafute shirika lisilo la kiserikali au ofisi ya rasilimali watu. Jibu hilo ni sahihi ukisoma waraka wa mtaala. Ukitembea shuleni na vyuoni unakuta habari nyingine. Vijana wa miaka 16 hadi 20 wanafundishwa saikolojia kila siku Afrika Mashariki, ila kazi hiyo imegawanywa katika vyumba kadhaa na kila chumba kimepewa jina lake. Anayetaka kazi hii avijue vyumba hivyo kimoja kimoja, maana anayesubiri somo liandikwe kwenye ratiba ndipo aanze atasubiri sana.

Tuanze na milango iliyofungwa, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wakiwa wameshalipa ada ya miaka mitatu au minne. Kenya, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haimsajili mwalimu wa sekondari kwa shahada peke yake. Inataka masomo mawili ya kufundishia, na katika kila moja iwe alipata angalau C+ kwenye mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, juu ya wastani wa C+ wa mtihani mzima. Saikolojia haimo katika masomo hayo. Aliyesoma saikolojia tupu, hata akirudi kuchukua stashahada ya uzamili ya ualimu, atakwama ikiwa nyuma yake hakuna masomo mawili yanayotambulika. Mtaala wa umilisi haukubadili jambo hili. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walioingia sekondari ya juu Januari 2026, waligawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; sanaa na michezo. Jina la mkondo wa pili linaweza kumpa mtu matumaini, lakini ndani yake mna lugha, fasihi, historia na uraia, jiografia, dini na biashara.

Tanzania mlango ulitikiswa kidogo mwaka 2024, tahasusi za Kidato cha Tano zilipoongezwa kutoka 16 hadi 65. Muziki ulipata nafasi, michezo ikapata, Kichina kikapata, elimu ya dini ikapata. Saikolojia haikupata. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina shahada ya ualimu inayobeba jina la saikolojia, na kijana anayeichagua akiwa na miaka 20 hana budi kuelewa kwamba jina hilo halitaonekana kwenye tangazo la ajira za sekondari. Nafasi za walimu hutangazwa kwa somo, na tangu Januari 2025 waombaji huitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Ukiitwa, umeitwa kwa Biolojia, kwa Kiingereza, kwa Jiografia. Hakuna anayeitwa kwa saikolojia.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona linavyovunja watu. Kosa mara nyingi hufanyika siku moja tu, siku ya kujaza fomu ya kozi, pale mtu anapoacha somo la pili kwa kuona linampunguzia muda wa somo analolipenda. Somo la pili ndilo litakalomwingiza shuleni, na bila kuingia shuleni hilo la kwanza hatalifundisha popote.

Kwingine mambo ni tofauti, na inafaa kujua kwa nini. Uingereza, saikolojia ni miongoni mwa masomo yanayochaguliwa na wanafunzi wengi zaidi katika mtihani wa A-level. Katika miaka ya karibuni imekuwa ya pili baada ya Hisabati, ikiwa na watahiniwa zaidi ya 70,000 kwa mwaka. Mwanafunzi huianza akiwa na miaka 16, pengine bila kuwahi kuisoma kabla. Marekani ina mtihani wake wa AP Psychology, uliofanyika mara ya kwanza 1992, na sasa unafanywa na mamia ya maelfu ya wanafunzi kila mwaka. Kijana wa Uingereza anayetaka kuwa mwalimu wa saikolojia ana njia iliyonyooka: shahada ya saikolojia, mwaka wa mafunzo ya ualimu, kisha darasa. Na hata huko, mwalimu mpya huombwa aongeze somo jingine, mara nyingi sosholojia, kwa sababu shule moja haina vipindi vya saikolojia vya kumtosha.

Somo hili lilikua huko kwa sababu ambazo hazihusiani sana na utajiri. Halihitaji maabara wala kemikali. Linahitaji karatasi, saa, na watu walio tayari kujibu maswali. Linafundisha kupima dai kwa ushahidi, kuchora jedwali, kutofautisha mambo mawili yanayotokea pamoja na jambo moja linalosababisha jingine. Shule yetu ya kata isiyo na darubini hata moja ingeweza kuifundisha sayansi hii kikamilifu, na hii ndiyo hoja ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote kwa wanaotaka somo hili liingie kwenye mtaala.

Chumba cha kwanza ambamo saikolojia inafundishwa kwa jina lake hapa kwetu ni shule za kimataifa za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Baadhi yake hufuata mtaala wa Cambridge, wenye silabasi ya saikolojia namba 9990, na baadhi hufuata diploma ya IB, ambayo kozi yake mpya ya saikolojia ilianza kufundishwa 2025 na itatahiniwa mara ya kwanza 2027. Ya Cambridge imejengwa juu ya tafiti 12 za msingi ambazo mwanafunzi huzijua kwa undani: nani walishiriki, nini kilipimwa, kasoro ni ipi. Ya IB huzunguka dhana kama upendeleo, usababishi, mabadiliko na upimaji. Mwajiri huko hutaka shahada ya saikolojia yenyewe pamoja na cheti cha ualimu, na hapa ndipo yule aliyefungiwa na TSC anaweza kusikilizwa. Lakini nafasi ni chache mno. Shule huwa na mwalimu mmoja wa somo hili, mara chache wawili, na akishapatikana haondoki upesi. Anayeulenga mlango huu azisome hizo tafiti 12 kabla ya kutuma barua, aweze kuzieleza kwenye usaili kama mtu aliyezifikiria.

Chumba cha pili ni kikubwa zaidi, na nashangaa jinsi kinavyosahaulika. Ni vyuo vya ualimu. Hakuna anayetoka Butimba, Korogwe, Marangu au Mpwapwa bila kusoma saikolojia ya elimu pamoja na ushauri na unasihi. Kwa miaka mingi vyuo hivi vimepokea vijana waliotoka moja kwa moja Kidato cha Nne. Tazama umri: mwanachuo wa mwaka wa kwanza wa astashahada na mwanafunzi wa A-level wa Manchester wanalingana. Wote wana miaka 17 au 18, wote wanakutana na Pavlov na Piaget kwa mara ya kwanza. Mmoja anaitwa mwanafunzi wa sekondari na mwingine anaitwa mwanachuo, lakini aliye mbele ya darasa anafanya kazi ileile.

Tena mkufunzi wa astashahada amekuwa akiifundisha kwa Kiswahili. Kichocheo, mwitiko, kiimarishaji, kumbukumbu ya muda mfupi, utayari wa kujifunza: istilahi hizi zimefanyiwa kazi darasani kwa miongo kadhaa, zimeingia kwenye majaribio na mitihani, na mwanafunzi anazitumia bila kigugumizi. Anayesema saikolojia haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili hajawahi kukaa nyuma ya darasa la chuo cha ualimu. Kwa anayeanza kazi Tanzania, akumbuke tu kwamba vyuo vya umma viko chini ya Wizara ya Elimu wakati shule za sekondari za serikali ziko chini ya TAMISEMI, kwa hiyo matangazo ya ajira hayakai mahali pamoja, na ngazi ya ukufunzi hufikiwa kwa urahisi zaidi na mtu aliyewahi kushika chaki sekondari. Vyuo binafsi huajiri kwa njia zake.

Chumba cha tatu ni ofisi ya unasihi. Hapa historia ya Kenya ina uzito. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishataka ushauri nasaha upewe nafasi shuleni. Robo karne baadaye, Machi 2001, moto uliowashwa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Mwaka huohuo jopo la Wangai lilichunguza machafuko ya wanafunzi na kurudia wito wa unasihi, na mwaka huohuo kiboko kikapigwa marufuku katika shule za Kenya. Tanzania viboko bado viko kisheria: kanuni za 2002 zinaruhusu visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au anayeteuliwa naye. Kwa hiyo mwalimu mnasihi wa Tanzania anaweza kuwa amekaa na mwanafunzi ofisini saa nne asubuhi akimsikiliza, na saa sita akamwona mwanafunzi huyohuyo amelala kifudifudi mbele ya mwalimu wa zamu. Ni vigumu mtoto kukuamini katika hali hiyo, na mnasihi anayeanza kazi hana budi kulizungumza na mkuu wake mapema, kwa heshima na faragha, kabla halijatokea.

Lakini kuna mkanganyiko hapa ambao umewaharibia wengi. Kufundisha saikolojia ni kazi moja, kunasihi ni nyingine. Anayefundisha anataka wanafunzi 40 waelewe jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, na swali la kila mmoja ni mali ya darasa zima. Anayenasihi amekaa na mtoto mmoja, na anachosikia ni siri, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, yenye bodi ya kuwasajili. Shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu awe mtabibu. Shule zetu huzichanganya kazi hizi mbili. Mkuu akisikia fulani amesoma saikolojia, kesho yake fulani huyo analetewa msichana aliyeacha kula, mvulana aliyevuta bangi, na mama aliyekuja kulia getini. Mwalimu mpya anaona fahari kuhitajika, anawapokea wote, na kufikia muhula wa pili hawezi kulala usingizi. Ushauri wangu kwake ni huu: siku ya kwanza tafuta namba ya simu ya ofisa ustawi wa jamii wa wilaya na ujue hospitali ya karibu yenye huduma ya afya ya akili. Mtu asiye na pa kumpeleka mwenzake hawezi kumpokea.

Chumba cha nne hakina paa: vipande vya saikolojia vilivyotawanyika ndani ya masomo mengine. Biolojia ya Kidato cha Tatu ina mfumo wa fahamu. Uraia ulibeba stadi za maisha. Mtaala mpya wa Tanzania umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, inayofundishwa kwa Kiswahili, na ujio wake umethibitisha kwamba ratiba inaweza kufunguliwa somo jipya likaingia. Kenya ilijaribu Stadi za Maisha kwa kipindi kimoja kwa wiki bila mtihani. Mwalimu yeyote wa shule ya bweni anajua hatima ya kipindi kisichotahiniwa: muhula wa tatu kinamezwa na Hisabati. Kwa hiyo anayepigania saikolojia iingie mtaalani asikubali iingie kama somo la hisani. Iwe na mtihani, au isubiri.

Hadi hapa nimezungumzia ajira. Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi hii, nalo ni nini kitafundishwa siku mlango utakapofunguka, na kwa mifano ya nani.

Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walichapisha makala iliyowasumbua wanasaikolojia wengi. Walinukuu hesabu iliyoonesha kwamba asilimia 96 ya watu waliofanyiwa tafiti katika majarida makubwa ya somo hili walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Kilichoitwa akili ya binadamu kilikuwa kwa kiasi kikubwa akili ya mwanachuo wa Kimarekani. Mwalimu wa Tabora akifungua kitabu cha A-level na kukisoma kama kilivyo, anawafundisha wanafunzi wake kuhusu watu wengine huku akiwaambia ni kuhusu wao.

Dawa iko karibu. Mary Ainsworth, ambaye jina lake limo karibu katika kila kitabu cha saikolojia ya mtoto, hakuanzia Baltimore. Alianzia Uganda. Kati ya 1954 na 1955, akiwa Kampala kwa sababu mume wake alipata kazi huko, alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani akiwa na mkalimani, akikaa na kutazama jinsi watoto wachanga 28 walivyoishi na mama zao. Aliona mtoto anatambaa mbali, anageuka kumtazama mama, anaendelea, kisha anarudi kugusa goti lake. Utazamaji huo uliimarisha wazo kwamba mama ni kituo salama ambacho mtoto huondokea kwenda kuuchunguza ulimwengu. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka 1967. Jaribio maarufu la chumba chenye mgeni, ambalo watahiniwa wa Uingereza hulikariri, lilikuja baadaye. Mwanafunzi wa Masaka au Bukoba anapaswa kuelezwa kwamba ushahidi wa mwanzo wa nadharia hii ulitoka kwenye mikeka ya mabibi wa Uganda.

Au mchukue Charles Super na Sara Harkness, walioishi Kokwet, miongoni mwa Wakipsigisi wa Kenya, miaka ya 1970. Super aliona watoto wa pale wanakaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Kama ingekuwa ni damu, wangetangulia katika yote. Mama wa Kokwet walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa, kwa kuwachimbia kishimo kidogo ardhini na kuwaegemeza, na walikuwa wakiwafundisha kutembea. Kutambaa hawakukufundisha. Darasa la Kidato cha Tano likipewa mambo haya matatu na kuulizwa lieleze sababu, litafika lenyewe kwenye mjadala mzito kuliko yote katika somo hili, wa maumbile na malezi, bila kukariri neno hata moja.

Utafiti wa tatu unawagusa walimu wenyewe. Robert Sternberg na timu yake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa Usenge, ufukweni mwa Ziwa Victoria, juu ya ujuzi wao wa mitishamba. Matokeo yalichapishwa 2001. Watoto waliojua dawa nyingi zaidi walielekea kupata alama za chini zaidi katika vipimo vya shule. Wenzao wa utafiti huo walikuta pia kwamba Wajaluo wana maneno manne yanayogusa kile kinachoitwa akili: rieko, luoro, winjo na paro, na ni rieko tu linalokaribia kile ambacho mtihani hupima. Yaliyobaki yanahusu heshima, kuelewa jinsi ya kushughulikia matatizo ya maisha, na kuchukua hatua. Nasi tumezoea kusema mtoto fulani ana akili na papo hapo kusema hana adabu, kana kwamba ni mizani mbili. Mwalimu anayeanza anaweza kutumia kipindi kizima kwenye neno hilo moja tu, akili, akiwauliza wanafunzi wa Kisukuma, Kipemba na Kihaya linavyosemwa kwao.

Sisemi jaribio maarufu la Milgram liachwe. Wanaume 40 walioambiwa wampige mwenzao shoti ya umeme, na 26 kati yao wakafika volti 450 za kuigiza, ni habari ambayo kijana wa shule ya bweni anaielewa mara moja, kwa sababu anawajua viranja. Ila Milgram aje baada ya Kokwet, ili mwanafunzi awe ameshajifunza kuuliza ni akina nani waliopimwa.

Pwani kuna matumizi ya neno moja yanayonisaidia kufikiri. Somo ni kipindi cha darasani, lakini somo pia ni yule mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari anapobalehe, anayemweleza mwili wake, watu wake, na namna ya kujistahi. Jamii zetu zilikuwa na watu wenye kazi ya kumfundisha kijana habari za nafsi yake katika umri uleule. Mwalimu wa saikolojia hawezi kuchukua nafasi ya somo wala nyakanga wa unyago, na asijaribu. Lakini anaingia kwenye kiti ambacho wazazi tayari wanakijua, na ndiyo maana watamwuliza maswali ambayo hawamwulizi mwalimu wa Jiografia. Watataka kujua anasema nini juu ya jini na pepo. Watataka kujua anasema nini juu ya mapenzi. Tusidhani ni sisi tu: mwaka 2023 jimbo la Florida liligombana na waandaaji wa AP Psychology juu ya mada ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, na wanafunzi wakabaki hawajui kama kozi itafundishwa wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu mpya amwonyeshe mkuu wa shule azimio lake la kazi mapema. Na suala la pepo likija, njia ninayoiamini ni kueleza kile saikolojia inachoweza kupima na kile isichoweza, bila kuidhihaki imani ya nyumbani kwa mtoto. Akidhihakiwa atanyamaza, na mgonjwa aliye nyumbani kwao atakosa mtu wa kumsemea.

Kuna hatari nyingine ambayo haipo kwenye Fizikia. Mwanafunzi anayejifunza dalili za sonona kesho yake ameshawagundua wagonjwa watatu bwenini, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Mara nyingi ni msisimko wa elimu mpya. Mara chache ni kweli. Anayefundisha mada hiyo aitangulize kwa kanuni mbili zilizoandikwa ubaoni: hatutaji jina la mtu tunayemfahamu, na anayeguswa aje baadaye peke yake. Kisha abaki darasani dakika kumi kengele ikishalia, akipanga vitabu vyake polepole, kwa sababu anayetaka kusema jambo husubiri wenzake watoke.

Kwa kijana wa Kidato cha Sita anayesoma haya, mpangilio ninaoupendekeza ni wa kawaida kabisa. Chagua shahada ya ualimu yenye somo la kufundishia linalohitajika, kisha saikolojia iwe mwenzake. Biolojia ni mwenza mzuri kuliko yote, kwa soko na kwa maarifa. Kiswahili kinafuata, hasa kwa anayelenga vyuo vya ualimu. Aliyekwisha kumaliza saikolojia tupu ahesabu kwa uangalifu kabla ya kulipia stashahada ya uzamili: aulize kwanza kama ana masomo mawili, maana jibu likiwa hapana pesa hiyo inafaa zaidi kwenye mafunzo ya unasihi au maandalizi ya shule za kimataifa. Na yeyote aliyeshaingia shuleni, hata kama ni wa kujitolea au wa kuajiriwa na bodi ya shule (BOM), aanzishe klabu. Klabu haiombi kibali cha wizara. Inahitaji saa moja baada ya vipindi na mkuu asiyekataa.

Tena kazi ya vikundi vidogo imeshapimwa hapahapa. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri waliwakutanisha wanafunzi wa sekondari wa Nairobi na Kiambu, 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, katika vikao vinne vilivyoongozwa na vijana waliomaliza shule miaka michache tu kabla yao. Vikao havikuwa tiba ya kitaalamu; vilizungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionesha dalili zilipungua zaidi kuliko katika vikundi vya kulinganisha vilivyofundishwa stadi za kusoma. Kama vijana hao waliweza baada ya mafunzo mafupi, mwalimu mwenye shahada anaweza kuongoza klabu.

Kikao cha kwanza cha klabu hiyo ningekipanga hivi, kwa kuazima utafiti wa Jackie Andrade wa Uingereza wa mwaka 2010, mmojawapo wa zile 12 za Cambridge. Wagawe wanafunzi 30 katika makundi mawili. Kundi moja lipewe karatasi yenye maumbo ya mraba na duara ya kupaka kivuli kwa penseli, lingine likae kimya. Kisha soma kwa sauti ya kuchosha, kama mwalimu wa zamu anavyosoma matangazo mstarini, tangazo la dakika mbili na nusu lenye majina ya watakaokuja kwenye sherehe na ya wasiokuja. Ukimaliza, bila kuwa umewaonya, waambie waandike majina ya wanaokuja. Katika utafiti wa Andrade waliokuwa wakichorachora walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Darasa lako linaweza kupata hivyo au lisipate. Andika matokeo ya makundi yote mawili ubaoni, tafuta wastani pamoja nao, na usiwaambie Andrade alipata nini mpaka mmoja wao ainue mkono na kuuliza kama ingekuwa vilevile wangepimwa asubuhi, kabla ya uji.